Mbaazi Haizai Februari

Nekesa mwanangu,

Mambo ya blanketi, chaja, dawa za malaria na kutoongea na watu usiowajua, mama yako ameshakuambia mara tatu, na ninavyomjua atakuambia mara ya nne kesho asubuhi ukiwa umeshaketi ndani ya basi la Kitui. Mimi siongezi hata moja.

Nimekaa hapa kibandani, kando ya barabara ya Riruta, juu ya kile kitanda cha tano kwa sita ambacho mwenyewe anakitaka Jumamosi na bado sijakipiga vanishi. Jua bado lipo. Wewe umeenda kuaga wenzako wa kwaya. Ninaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kwa hivyo ukigeuza karatasi ukute pameandikwa "droo mbili, mguu wa kushoto mfupi", usidhani ni mawaidha.

Ningekuambia kwa mdomo, lakini si unatujua sisi wawili. Nikianza neno la maana ninatia mzaha katikati, na wewe ukiona uso wangu umekunjamana unasema kwa Sheng yenu, "Mbuyu, tulia, niko sawa," na mazungumzo yanaishia hapo. Barua angalau hutaikatiza.

Wacha nianze na lililo gumu. Tangu ukiwa mdogo nimekusimulia kwamba niliwahi kulima shamba la Susu, nyanya yako mzaa mama, na kwamba jua likaunguza kila kitu ndipo nikarudi Nairobi mikono mitupu. Nimelisimulia hilo harusini, nimelisimulia matangani, nimelisimulia mbele ya pasta akatikisa kichwa kwa huruma. Ni uongo. Jua la Kitui mwaka ule lilikuwa jua la miaka yote. Aliyeharibu ni mimi, na nilikuwa nimeambiwa.

Ningenyamaza nalo mpaka kaburini kama si hili la mjomba wako Mutua. Susu mgongo umemkataa, hawezi tena kuinama na jembe. Mutua anasema shamba haliwezi kulala bure, na kuna wachoma makaa wanaotaka kulikodi, ambao unajua hawataacha mti hata mmoja. Susu amekataa, amesema anakutaka wewe. Mutua naye amekubali kwa sharti: upewe kuanzia mvua hii ya Oktoba hadi Agosti. Agosti ikifika na shamba halijalisha mtu, wenye mashoka wanaingia. Unaenda na msimu mmoja tu mkononi. Halafu Jumapili, huku ukinimalizia chapati, ukatuambia umeamua kupanda mahindi shamba lote kwa sababu Nairobi inakula mahindi. Mama yako alitabasamu. Mimi nilikohoa, nikatoka nje kutafuta maji yaliyokuwa ndani. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na umri kama wako na kichwa kigumu kama chako.

Sasa nisikilize nikueleze nilivyoyasema.

Mimi nimezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kule mvua ina adabu. Inaanza Machi. Asubuhi jua, mchana mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, yanagonga mlima, na ikifika saa tisa alasiri inanyesha. Mama yangu alikuwa akianua nguo kabla hata wingu halijaonekana. Unapanda Machi, unapalilia, unasubiri, na mahindi yanachukua miezi sita, saba, hayana wasiwasi kwa sababu mvua nayo haina wasiwasi. Kufikia Oktoba, Novemba, tunavuna. Mtoto aliyekua hivyo hajui kwamba huo ni utaratibu wa pale kwao. Anadhani ni utaratibu wa Mungu. Mimi nilidhani hata Wamarekani wanapanda Machi.

Hata jina lako lilituletea vita kwa sababu hiyo. Ulizaliwa Novemba. Mimi nikasema huyu ni Nekesa, mtoto wa mavuno, maana Novemba watu wa kwetu wamo shambani wakivuna. Mama yako akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua. "Mavuno gani Novemba? Novemba ni mvua. Huyu ni Syombua, mtoto wa mvua." Tulibishana siku mbili tukiwa Soweto West, hapa Nairobi, kwenye chumba kile ambacho mkibishana jirani anachangia, na jirani mama Mluo akachangia kweli, akasema mpeni yote mawili mtuache tulale. Ndiyo sababu unaitwa Nekesa Syombua. Mwezi mmoja, mtoto mmoja, wazazi wawili, na kila mmoja alikuwa anasema ukweli wa kwao. Ningekuwa na akili ningeelewa hapohapo. Lakini nilicheka tu, nikaenda kazini.

Kazi yangu ilikuwa mjengo, kubeba mawe na kuchanganya simiti. Krismasi ile mjengo ukasimama, tajiri akapotea. Wewe hukuwa umetimiza miezi miwili. Mama yako alikuwa akiuza githeri kwa sufuria moja. Ndipo Susu akatuma ujumbe: shamba lipo, na Mutua bado ni mtoto wa shule, mkwe akitaka aje alime. Ndugu zangu walinicheka mpaka wakakaa chini. Mbukusu mzima kwenda kulima kwa wakwe! Nikawaambia mtaona. Nikamwambia mama yako nitapanda mahindi shamba lote, kwa sababu Nairobi inakula mahindi.

Nilifika Januari mwishoni. Susu alikuwa ameshavuna mahindi yake mafupi ya miezi mitatu, kunde na ndengu. Kilichobaki kimesimama ni mbaazi, mistari kwa mistari, ndefu kufika kifuani, majani tele na tunda hakuna. Nikapita katikati yake nikitafuta hata ua moja. Hakuna. Nikauliza watu njiani zilipandwa lini, wakasema Oktoba. Nikahesabu miezi kwenye vidole nikaona huu ni mchezo. Kwetu mmea ukikaa muda wote huo bila kuzaa unakuwa kuni. Na Machi inakuja, na mimi ninataka nafasi.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo nyinyi wa Kawangware mnaona ni vichekesho. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Wakamba wanaiita nthoni, na sisi Wabukusu tuna yetu inayofanana nayo. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kwa hivyo ninakaa kwenye boma la mwanamke anayeijua ardhi ile kama kiganja chake, na siwezi kumuuliza swali. Yeye naye ananiona nimeshika jembe nikiingia kwenye mbaazi zake, na hawezi kuja kunishika mkono.

Unajua alifanya nini? Alileta mbuzi. Akamfunga kwenye ua wa shamba, akanigeuzia mgongo, akaanza kumsemesha mbuzi kwa sauti ya kanisani, tena kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili hakitumii hata sokoni. "Wewe mbuzi, mbaazi haizai Februari. Mbaazi inangoja baridi. Ukiing'oa sasa, Agosti tutakula nini?"

Nilisikia kila neno. Wala usiniambie labda upepo ulikuwa unavuma. Nilisikia, nikaelewa, nikajua ni mimi ninayeambiwa. Na nikajiambia huyu mama hajawahi kuona shamba la maana maishani mwake, wacha nimwonyeshe. Nikainua jembe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbishwa shuleni, na mimi nilikuwa naimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Niliing'oa kwa siku tatu. Susu hakurudi tena na mbuzi. Alikuja tu jioni nikishaondoka, akafunga zile mbaazi mizigo mizigo, akabeba kwenda kupikia.

Machi mvua ikanyesha. Nekesa, ilinyesha vizuri jamani! Nilikuwa nimeletewa mbegu na ndugu yangu kutoka nyumbani, ile ya miezi saba. Wiki tatu mahindi yalikuwa yanakimbia, na mimi natembea kijijini kama diwani. Nikamwandikia mama yako aanze kutafuta pa kuweka magunia. Halafu mvua ikakatika. Haikupungua kidogo kidogo kama kwetu, ilikatika, kama mtu amefunga mfereji akaenda zake. Nikangoja. Wazee wakanipita wakisema pole, kwa upole mno, na mimi nikashangaa kwa nini wao hawana wasiwasi.

Baadaye ndipo nilijua. Watu wa kule hawaiwekei mvua ya Machi moyo wao. Wanaipandia kidogo, kama kubahatisha, ikija ni zawadi. Mvua yao ya kutegemea ni ile ya Oktoba na Novemba, inayokuja na upepo wa mashariki, na hata hiyo ni fupi na ina haraka. Ndiyo maana mbegu zao nazo zina haraka. Ndengu ikikaa ardhini wiki kumi imemaliza kazi. Na mbaazi, ambayo mimi niliiita kuni, inapandwa na mvua hiyohiyo lakini haishindani na wenzake. Wenzake wanavunwa, yeye anabaki anateremsha mzizi chini, chini kabisa, kunakobaki unyevu ambao jembe halijui. Juni ikija na ile baridi yenye ukungu, ndipo anatoa maua. Julai, Agosti, ardhi imekauka mpaka inapasuka, na yeye anazaa.

Niliyaona kwa macho yangu. Mahindi yangu yalikuwa yamefika kiunoni yakakauka yamesimama, na ng'ambo ya ua, kwa jirani, bila tone la mvua, mbaazi zilikuwa zimejaa mpaka matawi yanainama. Kila boma kulikuwa na wanawake wameketi wanaambua mbaazi mbichi na kucheka. Boma la Susu pekee ndilo lilikuwa kimya.

Na chakula changu kiliendelea kuja. Kila jioni, sahani mlangoni, imefunikwa, kama desturi inavyotaka. Mbaazi za kuchemsha, na kitunguu. Nilizila wiki mbili kabla ya akili kunigonga nijiulize zimetoka wapi. Zilikuwa za kuomba. Susu alikuwa anatembea kwa majirani na bakuli ili mkwe aliyemng'olea mbaazi asilale njaa. Nilivyojua hivyo, niliifunika tena ile sahani. Nililia, mwanangu, mtu mzima na ndevu, nimekaa kwenye kigoda nimeshika sahani.

Asubuhi nilishika njia. Sikuaga, kwa sababu ya nthoni, nilijiambia, lakini ilikuwa aibu. Nilipofika Soweto West mama yako alikutoa mgongoni akanipa nikubebe, akauliza kumekuwaje. Nikasema jua. Na neno hilo nimeliishi tangu hapo. Juzi ndipo nilimwambia ukweli, nikiwa nimejitayarisha kwa machozi. Akaendelea kuchagua maharagwe. "Nilijua," akasema. "Mama aliniambia mwaka uleule. Nilikuwa nangoja uchoke kudanganya." Zaidi ya miaka ishirini, Nekesa! Mama yako ana roho ya mbaazi, huyo.

Kilichonifunza zaidi ni meza yake ya nafaka pale sokoni. Nilipoanza ufundi wa mbao nilikuwa namsaidia kushusha magunia, na nikaanza kuyasoma. Gunia la mahindi makubwa meupe, Kitale, lazima, mvua ndefu. Viazi vinatoka Nyandarua kwenye baridi inayong'ata. Mchele wa Mwea huo umepandwa kwenye maji ya mfereji kwa sababu mvua ya pale peke yake haitoshi. Wimbi linatoka kwetu. Na ndengu, kunde na mbaazi kutoka Kitui, zimekauka vizuri, hazina ukungu, kwa sababu jua lile nililolitukana ndilo linalozikausha. Hakuna gunia linalojifanya lingine. Nimepita mbele ya meza ile kila siku kwa miaka yote hiyo, na bado watu nawaambia Kitui hakuna kitu. Ndengu za Kitui ndizo zilizokulipia karo ya chuo. Wewe mwenyewe ulikuwa unazipepeta ukitoka shule.

Kwa hivyo mahindi yako sikukatazi. Panda. Panda yale mafupi, na usiyape shamba lote. Lakini afadhali nisikwambie zaidi, maana mimi ndiye mtu wa mwisho duniani kufundisha kilimo cha Kitui. Wewe una diploma, na Susu ana miaka yake yote. Nilichokosa mimi unacho wewe bure: huna nthoni naye. Wewe ni mjukuu. Mjukuu anaketi kwenye mkeka na nyanya yake, anamtania, anamuuliza maswali ya kijinga mpaka anafukuzwa. Muulize. Atakuambia upande kwenye vumbi, kabla mvua haijanyesha, na wenzako wa mtaani wakiona hilo kwenye simu watasema umechanganyikiwa. Kwetu ukipanda kwenye vumbi unaitiwa wazee wa kanisa wakuombee. Lakini mvua yenyewe ni ya wiki chache, watu wa kule hawawezi kupoteza siku zake za kwanza wakitafuta jembe. Na muulize pia yanayombabaisha yeye. Siku hizi anasema Oktoba yenyewe inakuja ikichelewa, mwaka mwingine inafika Novemba na hasira. Kwa hivyo msije mkafanya neno lake kuwa amri kama nilivyoifanya Machi yangu. Angalieni juu, angalieni udongo, mzungumze.

Kitu kimoja tu nakutuma. Siku moja mkiwa peke yenu, mwambie Susu kwamba siku ile ya mbuzi nilisikia. Najua kwa miaka yote hii amekuwa akiwaambia watu, "Mkwe wangu hakuelewa Kiswahili changu." Ameniwekea heshima hiyo bila mimi kuiomba. Mwambie kilikuwa Kiswahili safi, nilikielewa chote, na ninaomba msamaha. Sina njia ya kusema hilo isipokuwa kwa mdomo wako, na nimeona aibu kulibeba hadi uzeeni.

Naona mteja wa kitanda anakuja, kama kawaida kabla ya siku yake, kwa hivyo wacha nimalize.

Sikuogopei mvua, Nekesa. Mvua ikikataa, imekataa. Ninachoogopa ni Februari. Februari utakuwa umekaa miezi mitano. Mahindi na ndengu zitakuwa zimetoka, chache au nyingi, na shamba litabaki na mbaazi za majani matupu. Mutua atapita aangalie, acheke. Marafiki zako watakuwa wanakutumia picha za mjini. Na mimi, ninajijua, nitakuwa nimekukumbuka mpaka natafuta sababu. Nitakupigia simu. Nitasema mama yako anaumwa kidogo, jambo ambalo litakuwa uongo. Nitasema kuna kazi nimesikia hapa Kawangware, ofisini, kazi safi. Nitasema mwanangu, umejaribu, hakuna atakayekulaumu, ng'oa hivyo vitu urudi nyumbani. Nitasema kwa sauti ya baba, na tangu utotoni wewe sauti hiyo hujawahi kuikataa.

Siku hiyo nikatalie. Hata nikilia, nikatalie. Leo ndiyo nina akili zangu zote, na leo ndiyo ninakuambia: kaa.

Ni mimi,
Baba yako